Chumvi ndani ya chungu: jinsi krotoni zinavyovuka kiangazi Kitengela

Kila Januari, wenye vitalu vya maua kando ya barabara ya Namanga huulizwa swali lile lile: mbona ua langu linaungua, na mimi nalimwagilia kila siku? Mwenye kuuliza huwa amekuja na jani mkononi, au picha kwenye simu. Mara nyingi huambiwa aongeze maji. Naye hurudi nyumbani, hufungua bomba la kisima, na baada ya wiki chache mmea umekwisha. Nashikilia kwamba mimea mingi ya vyombo inayokufa Kitengela na Kajiado haifi kwa kiu. Huuawa na chumvi iliyomo kwenye maji ambayo hunyweshwa, na joto la chombo chenyewe humalizia. Wanaofanikiwa kuivusha ni wale waliolijua hilo wakapanga kazi yao kulingana nalo.

Tuanze na mahali penyewe. Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, imekaa kwenye uwanda wa Kaputiei, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi jua huwaka, hewa hukauka, na upepo wa kaskazini-mashariki huvuma bila kizuizi. Krotoni, tunayoipenda kwa majani yake mekundu na ya manjano, asili yake ni visiwa vya Indonesia na Pasifiki, kwenye hewa nzito yenye unyevu. Drasena ni mmea wa Afrika, lakini kwao ni chini ya miti mikubwa. Wachaga wa Kilimanjaro huipanda mipakani na kuiita masale, kwa sababu mlima wao una mvua ya kuilea. Uwandani hapa mimea hii yote ni migeni.

Kwa nini basi ipandwe kwenye vyombo? Wengi wetu ni wapangaji, na chombo huhamishika. Sababu ya pili ni udongo mweusi wa hapa, ambao hufura mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kupitisha mkono kiangazi kikifika. Nyufa hizo hukata mizizi. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini, ikajazwa udongo mzuri, ni makao bora kuliko shimo uani. Ila ndoo ina tatizo lake: kila kinachoingia humo hubaki humo, isipokuwa kitolewe kwa makusudi.

Sasa litazame jani la drasena lililoungua. Ncha imekauka na kuwa ya kahawia, na kati ya kahawia na kijani kuna mstari mwembamba wa manjano. Hapo chini, kwenye ukingo wa ndoo, kuna ukoko mweupe. Uparue kwa ukucha nao utatoka unga. Dalili hizo mbili zinaeleza kisa kizima.

Visima virefu vya Kajiado huchota maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkeno. Ni kaunti hii hii yenye Ziwa Magadi, ambako magadi huchimbwa, na maji ya visima vingi hubeba sodiamu, baikaboneti na floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili huvuka kiwango hicho. Meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi tosha. Drasena na mwenziwe kordilaini ni dhaifu zaidi ya meno: hata miligramu 1 kwa lita yaweza kuunguza ncha za majani. Floridi husafiri na maji hadi mwisho wa jani. Maji hutoka kama mvuke, floridi hubaki na kurundikana. Kuyachemsha maji hakuiondoi, wala kuyaacha wazi usiku na mchana.

Baikaboneti nayo hupandisha pH ya udongo siku baada ya siku. Ikipita 7, madini ya chuma hufungwa udongoni na mizizi haiyapati. Krotoni huonyesha kwa majani machanga: hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mwenye mmea hudhani ni njaa, akaongeza samadi ya boma, ambayo nayo ina chumvi nyingi. Hapo ndipo kosa huzaa kosa.

Wanaofaulu hufanyaje? Jambo la kwanza ni kugawa maji kwa mmea. Bogonvilia huvumilia maji ya kisima, na akalifa na krotoni iliyokomaa hujikaza udongo wake ukioshwa mara kwa mara. Drasena na kordilaini hupewa maji ya mvua tu. Watu wengi husema maji ya mvua hayatoshi, kwa hiyo tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mwaka wa milimita 500, hupokea lita 50,000. Hata ukipoteza sehemu moja kwa tano, unabaki na 40,000. Ndoo 30 kivulini, kila moja ikinywa lita 2 kwa siku kwa siku 75 za kiangazi kikali, zinahitaji lita 4,500. Tangi moja la lita 5,000 linatosha. Na kwa kuwa kila kiangazi hutanguliwa na mvua, tangi hilo hujaa tena Aprili, kabla ya ukame wa baridi wa Juni hadi Septemba.

Jambo la pili ni kuosha udongo. Anayelazimika kutumia maji ya kisima asinyunyize kikombe kidogo kila jioni, kwa maana maji kidogo hulowesha juu, hukauka, na kuacha chumvi yote pale pale. Mwagilia alfajiri, polepole, mpaka maji yatoke chini ya ndoo kiasi cha kikombe kwa kila vikombe sita au saba ulivyomimina. Yaliyotoka yamwagwe mbali, yasirudishwe. Mvua ya kwanza ikinyesha, sogeza vyombo vyote nje ya veranda vioshwe na mbingu.

Tatu ni mchanganyiko. Udongo mwekundu, mchanga safi wa mtoni na samadi iliyooza kabisa na kunyeshewa mvua ndio mseto wa kawaida. Mwenye uwezo huongeza pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno yanayotumiwa na mashamba ya waridi, au nyuzi za makumbi ya nazi kutoka Pwani zilizooshwa vizuri. Kokoto chini ya ndoo hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mapengo makubwa, hivyo tope huanza juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Toboa matundu ya kutosha, kisha jaza mchanganyiko ule ule kutoka chini hadi juu.

Nne ni joto. Ndoo nyeusi inayopigwa na jua la saa tisa alasiri hupata joto la kuumiza mkono ubavuni, na mizizi huacha kukua udongo ukifika nyuzi 38 hivi. Ng'oa mmea wa namna hiyo uone: mizizi ya upande wa magharibi ni ya kahawia na imelainika, ya mashariki ni myeupe. Dawa yake ni rahisi. Paka ndoo chokaa, au itumbukize ndani ya ndoo kubwa zaidi ukiacha nafasi ya hewa. Panga vyombo vikigusana, vyenye mimea inayostahimili vikikaa nje upande wa magharibi. Funika udongo kwa nyasi kavu. Neti ya kivuli ya asilimia 50 juu, na nyingine imesimama upande wa upepo, hupunguza kiu ya majani. Usizidishe giza, kwani krotoni bila mwanga hupoteza rangi. Jua la asubuhi ndilo rafiki yake.

Zaidi ya hayo manne, utitiri mwekundu hupenda hewa kavu, kwa hiyo pangusa majani chini kwa maji ya mvua kila wiki. Kupogoa, kuhamisha chombo na kuweka mbolea kungoje mvua.

Mbinu hizi zina mpaka. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mifugo ilikufa Kajiado kote. Mwaka wa namna hiyo maji ya tangi ni ya watu na mifugo kwanza, na maua yapate yaliyooshewa mboga na mchele, yasiyo na sabuni. Anayetaka kupunguza hasara apande michache, achague akalifa na krotoni, na drasena aiweke pale tu palipo na tangi.

Kwa hiyo kabla ya kununua mmea wa pili, pima maji yako. Peleka chupa moja maabara, uulize pH, chumvi na floridi. Kisha weka mfereji kwenye paa na tangi chini yake kabla ya mvua za Oktoba. Fedha za maua yanayokufa kila mwaka zingeshalipa tangi hilo, na tangi hilo lingewafaa pia watoto wa nyumba hiyo, ambao wanakunywa maji yale yale.