Mkanda wa Crocs na hesabu mbovu ya Tume

Hataza ya Marekani namba 6,993,858, iliyotolewa Februari 2006, inahusu kiatu kinachojulikana kote kwa jina la Crocs: mwili wa sponji uliotoka kwenye kalibu ukiwa kipande kimoja, soli na sehemu ya juu pamoja, na mkanda wa kisigino wa sponji uliofungwa kwa ribiti za plastiki. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo iliamua kwamba hataza ni batili kwa kuwa uvumbuzi wenyewe ulikuwa dhahiri. Ilikosea, tena mahali pepesi.

Tume iliweka mezani vitu viwili: Aqua Clog, kiatu cha sponji kisicho na mkanda, na hataza ya Aguirre, yenye mkanda wa kisigino wa kuvutika. Ikavijumlisha, jibu likawa kwamba fundi wa kawaida angefika hapohapo bila kutoka jasho. Lakini Aguirre hakuwa na mkanda wa sponji, na Aqua Clog haikuwa na mkanda wowote. Sponji ya mkanda ilitoka wapi? Ushahidi katika jalada hilohilo ulionyesha kwamba fundi angeikwepa: sponji hurefuka, hupoteza umbo, humkera mvaaji.

Kibaya zaidi ni kilichopuuzwa pale kwenye ribiti. Mkanda wa Crocs hugusana moja kwa moja na mwili wa kiatu; sponji hung'ang'ania sponji. Ukiuzungusha mkanda ukauachia njiani, hubaki palepale. Kwa hiyo hauna haja ya kubana mguu muda wote; hukaa umelegea nyuma ya kisigino na kuushika mguu pale tu unapoanza kuchomoka. Mkanda wa kuvutika hushika kwa kubana. Matokeo ya mkanda uliolegea hayamo Aqua Clog, hayamo kwa Aguirre, na hayapatikani kwa kuvijumlisha.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex mwaka 2007, hoja ya akili ya kawaida dhidi ya hataza imekuwa kichaka cha wavivu wa kusoma ushahidi, ingawa KSR yenyewe iliitaja kwa heshima kesi ya betri ya Adams ya 1966. Majaji wa kesi hiyo ndio walioijua kazi: magnesiamu na kloridi ya shaba zilikuwa zikijulikana zamani, lakini wataalamu hawakuamini kwamba betri ile ingefanya kazi, na hataza ikasimama. Hataza ya kishikio cha mlango cha udongo, katika kesi ya Hotchkiss, 1851, ilianguka kwa haki: kishikio kilibadilishwa malighafi tu.

Februari 2010 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, kwa kalamu ya Jaji Rader, iliutengua uamuzi wa Tume kuhusu Crocs, ikiyapa uzito pia mauzo, sifa na uigaji ambavyo Tume ilivitupa kando. Shauri lilirudishwa, na mwaka 2011 Tume hiyohiyo ikatoa amri ya kuzuia viatu vya kuiga visiingizwe nchini.