Nyumba Bora Vijijini: Nani Mwenye Kauli?

Iko hoja inayorudiwa mno katika semina za viongozi na katika taarifa za wataalamu, nayo ni kwamba mwananchi wa kijijini haishi katika nyumba bora kwa sababu hajaelimika. Dawa yake, wanasema, ni ramani, amri na ukaguzi. Hoja hii tunaipinga. Ni hoja ya kirasimu, na historia ya Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla inaikanusha.

Katika miaka ya 1920 na 1930 wakoloni wa Kiingereza waliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mbung'o walikuwapo kweli, na malale yaliua. Lakini aliyekusanywa hakuulizwa. Operesheni Vijiji, iliyofuata tangazo la Mwalimu la Novemba 1973 kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wawe wanaishi vijijini, ilikuwa na shabaha tofauti kabisa: shule, zahanati, maji. Hata hivyo watendaji wengi waliuweka kando Mwongozo wa 1971, unaotaka wananchi washiriki katika kufikiri na kupanga, si kutekeleza tu. Walihesabu nyumba zilizopangwa kando ya barabara, wakapeleka hesabu wilayani. Benki ya Nyumba nayo, iliyoanzishwa 1973 na kufa 1995, mikopo yake mingi iliishia mijini.

Tutazame sasa Katumba, iliyoko leo katika Halmashauri ya Nsimbo, na Mishamo, katika Wilaya ya Tanganyika. Makazi haya yalifunguliwa 1973 na 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi kuanzia 1972. Hapa pia mistari ilitoka juu: msitu wa miombo ulipimwa, na Mishamo kila familia ikapewa kama hekta 5. Lakini nyumba yenyewe haikutoka juu. Watu walifyeka, wakalima, wakajenga kwa mikono yao.

Mwaka 2007 waliambiwa wachague kurudi Burundi au kuomba uraia. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia, lakini kwa mpango kwamba wahamie mikoa mingine na makazi yafungwe. Tunauliza: nani atachoma tanuru la matofali katika kiwanja atakachoondolewa kesho? Mtaalamu mwenye daftari la ukaguzi angepita miaka hiyo na kuandika kwamba watu hawa hawapendi nyumba bora! Wao walikaa, wakaendelea kulima. Uhamisho ulisimamishwa 2011, na 2014 walianza kupewa hati za uraia bila kulazimika kuhama. Kilichokuwa kikikosekana hakikuwa elimu. Ilikuwa ni hakika ya kukaa.

Lakini tusiangukie upande wa pili, wa wale wanaosifu kila lifanywalo na kijiji. Tanuru la matofali linakula miombo, na miombo ya Katavi haina mwisho kwa macho ya mgeni tu. Tofali la udongo na saruji lisilochomwa, lililoenezwa na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora, ni jambo jema. Utaalamu kama huo unahitajika, mradi uje kujibu swali la kijiji, usije na jibu lake mfukoni.

Aidha, kijiji chenyewe kina wenye sauti na wasio na sauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa kwa mke na mume pamoja. Kada anayetumwa kuhimiza nyumba bora asianze na paa. Afungue kwanza rejista ya ardhi, aone ni nani ameandikwa, na mjane aliyefinyanga matofali ya nyumba ile yumo au hayumo.