Hina ya Kichwani: Namna ya Kuijua Iliyo Njema

Ukitaka kuona hina nzuri na mbovu kwa mkupuo mmoja, usihangaike kwenda saluni. Simama Ijumaa nje ya msikiti wowote wa Mji wa Kale, Mombasa, au wa Eastleigh, Nairobi, uangalie ndevu za wazee wanapotafuta viatu vyao. Utaona rangi tatu. Ya kwanza ni karoti tupu, inawaka hata kivulini. Ya pili ni hudhurungi inayokaribia damu ya mzee: kivulini imetulia, juani ndipo wekundu wake unapojitokeza. Ya tatu ni nyeusi ti, yenye mng'ao wa buluu kwa mbali, na mara nyingi imechora mstari kwenye ngozi ya shavu. Ya pili imepakwa na mtu anayeijua hina. Ya kwanza ni hina ya kweli, ila imeoshwa mapema mno, au imepakwa jana. Ya tatu ina kitu kingine ndani yake, hata kama iliuzwa kwa jina la hina.

Kinachozitofautisha ni muda. Hina ni mwendo wa pole tangu kukolea kwake bakulini hadi kutulia kwake kichwani, na unga wowote unaokuahidi rangi ndani ya dakika kumi umechanganywa. Mtu anayejipaka mwenyewe nyumbani akishika kigezo hicho, maandishi ya kwenye pakiti hayatampotosha.

Rangi yenyewe iko ndani ya jani la mhina. Inaitwa lawsoni, na katika jani kavu mara nyingi haizidi asilimia 1 au 2. Ikishaachiwa na jani, huingia kwenye unywele na kushikamana na keratini, ile protini inayoujenga unywele. Haiondoi rangi iliyokuwepo, inaongezea tu juu yake. Kwa hiyo mvi hugeuka rangi ya shaba, na nywele nyeusi hubaki nyeusi zikiwa na wekundu unaoonekana juani tu. Muuzaji anayekuambia kwamba hina yake itazifanya nywele nyeusi kuwa nyekundu, ama haijui bidhaa yake, ama anaijua sana.

Unga mwingi unaouzwa kwetu hutoka India, na mji unaosifika zaidi kwa kilimo chake ni Sojat, katika jimbo la Rajasthan. Upo pia wa Yemen, Sudan na Pakistan. Nenda Marikiti, Mombasa, au Darajani, Unguja, uulize: “Mama, hina hii ya lini?” Utajibiwa: “Mpya hiyo, mwanangu, imeingia juzi.” Imeingia dukani, sawa. Ilivunwa lini ni habari nyingine, na ndiyo unayoitaka, kwa sababu jani lililosagwa hupoteza nguvu likikaa kwenye joto na mwanga. Gunia lililo wazi mlangoni, jua likilipiga tangu asubuhi, lipite hata kama bei yake inavutia.

Unga mzuri una kijani kilichofifia, kama cha majani makavu, na unanukia nyasi na majani ya chai. Ukiwa kahawia, umezeeka. Ukiwa kijani kibichi cha kupendeza macho, hapo ndipo pa kushtuka zaidi, maana wengi huutia rangi ili unga mzee uonekane kijana. Chukua karatasi laini nyeupe, ilowanishe, nyunyiza chembe chache za unga, ungoje. Rangi ya bandia hukimbia papo hapo na kuacha madoa ya kijani kikali. Hina safi haina pupa: baada ya muda huacha doa la manjano yenye ukahawia, nalo huelekea wekundu wa kutu. Kisha koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, uiache itulie. Mchanga utashuka chini mwanzo, na kwa kuwa unga huuzwa kwa uzito, kila punje ya mchanga umeilipia.

Sugua pia unga kati ya vidole. Kwa michoro ya mikono kila mtu hudai unga laini, lakini kichwani watu huridhika na chochote, na hilo ni kosa hasa kwa nywele za kipilipili. Vijiti vya majani hunasa katika misokoto, na utavitoa na chanuo kwa siku nne. Unga wa kichwani upite kwenye kitambaa chepesi, usitosheke na chekecheo la jikoni.

Uko ujanja ambao jicho halioni. Baadhi ya unga hutiwa pikrameti ya sodiamu, ambayo hutoa wekundu mara tu unapochanganya na maji. Mwingine huwa na chumvi za metali, na hizo hukaa kwenye nywele zikisubiri siku utakayopaka rangi ya saluni yenye peroksaidi. Zikikutana, nywele zinaweza kupata joto, kutoa moshi na kukatika. Kipimo cha chumvi hizo ni rahisi: kusanya nywele zilizobaki kwenye kitana, zipake hina hiyo, zioshe, kisha zichovye kwenye mchanganyiko wa peroksaidi na amonia. Kukitokea povu, joto au rangi ya ajabu, unga huo usiusogeze karibu na kichwa.

Kuhusu kukoroga, kila nyumba ina siri yake: chai ya rangi, karafuu, mtindi, yai, kahawa, mafuta ya nazi. Nyingi ni mapambo. Kahawa haiongezi rangi yoyote ya kudumu, yai huacha harufu, karafuu huwasha ngozi laini, na mafuta ndiyo mabaya zaidi kwa sababu huufunika unywele na kuizuia hina isishike. Maji ya uvuguvugu na kitu chenye uchachu kidogo vinatosha. Ndimu tupu haifai, inakausha nywele. Ikamulie kwenye maji mengi. Maji yanayochemka pia yaache, yanaiharibu rangi kabla hujaitumia.

Rojo liwe zito kama mtindi, lifunikwe, liachwe. Mombasa mwezi wa Februari saa chache zinatosha. Nairobi mwezi wa Julai liache usiku kucha. Usihesabu saa, uliza kiganja. Weka tone katikati ya kiganja kwa dakika tano, lifute. Likiacha rangi ya chungwa iliyo wazi, limekolea. Likiacha manjano hafifu, bado. Lisipoacha kitu baada ya siku nzima, umeuziwa majani yaliyokufa, na hakuna ndimu itakayoyafufua.

Kupaka ni kazi ya mikono na subira. Nywele zioshwe kwanza zitoke mafuta yote, kisha zigawe mafungu madogo. Kichwa cha nywele fupi hula gramu 100 hivi. Nywele za kufika mabegani zinaweza kula 300, na za kipilipili zilizojaa zaidi ya hapo. Anza na mapanja. Hapo ndipo mvi hutangulia, na ndipo zilipo ngumu kushika, kwa hiyo zipewe rojo mapema na lioshwe mwisho. Rojo lilale nene hadi ngozi isionekane. Anayepaka kwa ubahili hujulikana baadaye, maana palipopata rojo jembamba hukauka kabla ya kushika. Kisha funika. Zamani kila mtu alivaa mfuko wa plastiki wa dukani. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kofia ya kuogea imechukua nafasi yake, na kusema kweli inakaa kichwani vizuri zaidi. Saa tatu au nne, ndipo uoshe.

Sasa kazi yenyewe. Ukijitazama kwenye kioo siku hiyo utaona chungwa linalotisha. Usiliguse. Lawsoni huendelea kukutana na hewa, na rangi huzama kwa siku mbili hivi, kwa hiyo hukumu yoyote kabla ya hapo ni ya bure. Siku ya tatu toka nje juani, mchana, na kioo cha mkononi. Taa ya bafuni inadanganya. Angalia mapanja kwanza, kisha nyuma ya masikio, kisha mstari wa kisogoni ambao mtu anayejipaka mwenyewe hauoni. Mvi za utosini na za mapanja zikiwa za rangi moja, kazi ni safi. Ukikuta mvi moja moja nyeupe zimesimama katikati ya nyekundu, mafungu yalikuwa makubwa mno. Shika fungu la nywele: hina safi huzipa uzito kidogo, na mara nyingi huulegeza mkunjo wa kipilipili. Zikiwa kavu na kukwaruza, ndimu ilizidi.

Kipimo cha mwisho huja baada ya wiki sita. Mizizi itakuwa imeota nyeupe, karibu sentimita moja kwa mwezi, lakini chini yake rangi iwe pale pale. Hina iliyoshika haichuji kama kanga ya bei rahisi. Ikichuja, ama uliosha mapema, ama wekundu ule ulikuwa wa kutiwa. Mara ya pili paka mizizi tu. Ukirudia urefu wote mara kwa mara, rangi hujipanga juu ya rangi na kuelekea damu ya mzee, na kutoka hapo hakuna njia ya kurudi isipokuwa mkasi. Mimi naipenda ikifika hapo. Wengine huiona nzito.

Anayetaka nyeusi anaweza kuipata bila kemikali kali. Hupaka hina kwanza, huosha, kisha hupaka unga wa majani ya mnili. Hapa kanuni ya subira hugeuka: nili iliyokorogwa na maji hutumika ndani ya robo saa, ikicheleweshwa hufa bakulini. Haitaki ndimu. Siku ya kwanza yaweza kuonekana na ukijani, kisha ikikutana na hewa hutulia kuwa nyeusi. Wanaofuata Sunna wanakijua kisa cha Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliyeletwa mbele ya Mtume siku za ufunguzi wa Makka nywele na ndevu zikiwa nyeupe pe; ikaagizwa zibadilishwe, na nyeusi iepukwe. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu uzito wa katazo hilo, na mimi si mwamuzi wao.

Piko na ile inayoitwa hina nyeusi ni jambo jingine kabisa. Weusi wake hutoka kwenye kemikali iitwayo PPD, ya jamii ya rangi za saluni ambazo Mfaransa Eugène Schueller alianza kuzitengeneza mwaka 1907. Kwenye boksi lenye maelekezo, kiasi chake kinapimwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 2 inapofika kichwani. Unga mweusi unaouzwa kwenye kikaratasi hauna kipimo wala onyo, na mwenye kuuchanganya na hina anadhani anaikoleza. Mwili ukishaikataa PPD mara moja, kwa kawaida huikataa maisha yote, na hata rangi ya boksi utakayonunua miaka kumi baadaye inaweza kukudhuru. Kwa hiyo rangi yoyote yenye PPD jaribu tone kwenye mkunjo wa kiwiko, ungoje saa 48.

Hina safi nayo ina mipaka yake. Watoto wachanga wasipakwe kabisa, hata kwa nia njema ya bibi, kwa sababu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika nchi zenye malaria, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu. Mtu mzima anayejijua kuwa na upungufu huo amuulize daktari kwanza.

Na ikiwa baada ya kupaka rangi yoyote kichwa kinawasha kwa moto, kope zinavimba au malengelenge yanatokea, osha mara moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe pakiti yenyewe ili daktari asome kilichomo.