Rupia ya Fedha ya Afrika Mashariki ya Kijerumani: Namna ya Kupima Hali na Daraja Lake

Hali ya sarafu kongwe ya fedha haipimwi kwa kiasi cha madini kilichopotea peke yake, bali kwa namna kilivyopotea, kwa kuwa sarafu mbili zinaweza kulingana kwa uzito na maandishi ya zote mbili yakasomeka vizuri, ilhali moja imechakaa kihalali kwa kupita mikononi mwa watu miaka mingi na nyingine imeharibiwa kwa dakika chache na mtu aliyetaka ing'ae. Rupia iliyotumika katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki kuanzia 1890 hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza inafaa sana kuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu ilizunguka kwa bidii sokoni na hata leo vipande vyake bado hufika kwa masonara na wakusanyaji.

Rupia hiyo ilifuata kipimo cha rupia ya India, ambayo ilikwisha kuzoeleka Unguja na Mrima: uzito wa gramu 11.66, upana wa milimita 30 na nusu, na fedha sehemu 917 katika kila sehemu 1,000, zilizobaki zikiwa shaba iliyotiwa ili madini yawe magumu kidogo. Matoleo ya 1890 hadi 1902 yana jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki pamoja na ngao yenye simba na mti wa jamii ya mitende, ijapokuwa serikali ya Ujerumani ilikuwa imeshika utawala tangu 1891. Yale ya 1904 hadi 1914 yana jina la koloni lenyewe, na herufi ndogo inayotaja kiwanda, A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Upande wa kichwa haukubadilika: Kaiser Wilhelm wa Pili, akiwa amevaa kofia ya kijeshi yenye tai kileleni, amezungukwa na maandishi ya Kilatini.

Kabla ya kujadili daraja, mchunguzi hana budi kujiridhisha kwamba kipande ni cha fedha kweli, na njia salama kuliko zote ni ya maji. Kikombe cha maji huwekwa juu ya mizani ya sonara, mizani hurudishwa kwenye sifuri, kisha sarafu huning'inizwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa pande wala kitako cha kikombe. Rupia halali yenye uzito kamili itaifanya mizani isome takriban gramu 1.13, ambao ndio uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu, wakati kipande cha uzito huo huo kilichotengenezwa kwa shaba na nikeli kitasoma karibu gramu 1.31. Jaribio hilo haliachi alama yoyote, tofauti na tindikali au tupa, ambazo hujibu swali la madini kwa kuiharibu sarafu yenyewe.

Baada ya hapo hutafutwa uchakavu, yaani kulika kwa uso kutokana na matumizi, nao huanzia sehemu zilizoinuka zaidi kwa kuwa ndizo zinazosuguana na vidole, mifuko na sarafu nyingine. Katika rupia hii macho huelekezwa kwanza kwa tai wa kofia, hasa kichwa na kifua chake, kisha kwa shavu, masharubu na bega la Kaiser. Manyoya ya tai yakionekana moja moja na nywele za masharubu zikiwa na mistari yake, sarafu haikutembea sana. Tai akibaki umbo tupu lisilo na manyoya, huku mstari unaotenga kofia na paji la uso ukiwa bado wazi, matumizi yalikuwa ya wastani. Kofia na uso vikishaungana, sarafu iko katika madaraja ya chini hata kama mwaka wake unasomeka bila taabu.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu sehemu hizo hizo zilizoinuka ndizo za mwisho kujazwa na madini wakati sarafu inapogongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, hivyo pigo hafifu au muhuri uliochoka huweza kutoa tai asiye na manyoya tangu siku ya kwanza. Kinachotenganisha upungufu wa kiwandani na uchakavu ni mng'ao. Madini yanapobanwa husambaa kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu, na mistari hiyo ndiyo inayoufanya mwanga uzunguke juu ya uso kama njiti za gurudumu pindi sarafu inapoinamishwa polepole chini ya taa moja. Ikiwa mwanga unapita juu ya tai bila kukatika, tai huyo alizaliwa hivyo. Ukikatika na kuacha doa la kijivu lililofifia, hapo pamesuguliwa.

Mng'ao huo ukishaondoka haurudi, na ndiyo maana kusafisha ni hasara kubwa kuliko miaka 20 ya kuzunguka sokoni. Weusi unaotanda juu ya fedha ni matokeo ya salfa iliyomo hewani kuungana na madini, nao ukiwa mwembamba na uliotulia huilinda sarafu na kuthibitisha kwamba haijaguswa. Majivu, mchanga laini au dawa ya meno huondoa weusi pamoja na ngozi ya juu ya fedha, na kuacha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja au kwa miviringo. Chini ya kioo cha kukuzia, mikwaruzo hiyo hutoka uwanjani, yaani kwenye sehemu bapa, na kupanda juu ya shingo na maandishi bila kuheshimu umbo lolote. Weupe sawia wa uso mzima, usio na kivuli hata katika pembe za herufi ambako uchafu wa kawaida hujificha, ni dalili nyingine ya usafishaji.

Katika upwa wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada la kukagua, nalo ni ukingo. Sarafu za fedha zilivaliwa kama pambo, na sonara aliyeunga kikonyo cha kidani aliacha lehemu, yaani madini laini ya kuungia, ambayo hata ikichongwa huacha rangi tofauti na sehemu iliyo bapa ukingoni, mara nyingi karibu na saa 6 juu ya kichwa. Tundu lililozibwa nalo huonekana kwa herufi zilizochongwa upya zisizolingana na jirani zake. Kwa mwanahistoria alama hizo ni ushahidi wa thamani kuhusu maisha ya fedha nje ya soko, na hazistahili kufutwa. Kwa mpimaji wa daraja, hata hivyo, ni kasoro ambayo lazima itajwe.

Madaraja yenyewe hutajwa kwa njia mbili. Desturi ya Ujerumani hutumia maneno, kuanzia nzuri, nzuri sana, na bora, hadi ile isiyotumika kabisa. Desturi ya Marekani hutumia namba 1 hadi 70, kwa kufuata kipimo alichokitoa William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi hiyo. Namba huvutia kwa sababu huonekana sahihi, lakini haiwezi kubeba habari ya sarafu iliyosuguliwa au kuungwa, na hata kampuni za upimaji kwa kawaida huinyima sarafu ya aina hiyo namba na kuandika kasoro yake kwa maneno. Kwa hiyo maelezo ya uaminifu huandikwa kwa ukamilifu: rupia 1, 1913, J, uchakavu wa daraja la nzuri sana, uwanja umesafishwa upande wa kichwa, mabaki ya lehemu ukingoni, saa 6 juu, gramu 11.52.