Mtunzi ni Nani? Chemirocha katika Historia ya Muziki wa Kantri

Wanahistoria wa muziki wa kantri wa Marekani aghalabu huanzia Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, ambako mwezi Agosti 1927 Ralph Peer aliwarekodi Jimmie Rodgers na familia ya Carter kwa niaba ya kampuni ya Victor. Tangu hapo, hatua zinazohesabiwa ni zile zilizonaswa na mashine. Makala hii inadai kwamba hesabu ya namna hiyo humweka mwenye kurekodi, au mwenye kusajili, mahali pa mtunzi. Mfano ulio karibu nasi unatoka Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis.

Huko, mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Iliyopata umaarufu iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenziwe. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha ni Rodgers, aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Wasichana wamemfanya kiumbe nusu mtu nusu swara, nao wanamkaribisha acheze nao kwa kishindo hadi suruali imvuke. Tangu hapo wimbo umesimuliwa kama kichekesho: watu wa mashambani walilisikia vibaya jina la Mzungu.

Usomaji huo ni wa kivivu. Che- na Chep- ni viambishi vya majina ya kike miongoni mwa Wakalenjin. Jina la mwimbaji mwenyewe ni ushahidi. Kwa hiyo jina la Rodgers halikuharibika tu kinywani, bali limetiwa katika mfumo wa majina ya wenyeji na, kwa sauti angalau, likawekwa upande wa wasichana. Taswira ya swara nayo ina mantiki yake. Rodgers alisifika kwa kuirusha sauti ghafla kutoka nzito hadi nyembamba, pasipo maneno, na anayeisikia sauti hiyo katika santuri bila kumwona mwenyewe ana haki ya kuuliza kama ni mtu au mnyama. Kwa maoni yetu, wasichana wa Kapkatet walimhakiki Rodgers kabla ya wahakiki wengi. Suruali inayovuka ni dhihaka kwa mgeni anayealikwa ngomani asiyoiweza. (Wanaotaka kuufanya wimbo huu wa ukombozi wanaubebesha mzigo usio wake.)

Huu, basi, ni utungo, wala si mwangwi. Iweje basi huko Marekani kukusanya kuitwe kutunga? A.P. Carter alizunguka milimani akitafuta nyimbo za watu, pamoja na Lesley Riddle, mpigaji gitaa Mweusi aliyezihifadhi tuni kichwani. Nyingi zilisajiliwa kwa jina la Carter, na Peer, aliyemiliki haki za uchapishaji, alifaidika. Jina la Riddle lilibaki kivulini kwa miaka mingi.

Msomaji wa Mombasa ana kipimo kingine. Msikilizaji wa taarab, awe wa Mji wa Kale au wa Ziwa la Ng'ombe, Nyali, hutofautisha sauti na tungo: Mohamed Khamis Juma Bhalo aliimba, na miongoni mwa waliomtungia ni binamu yake Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971). Nashville pia hufanya hivyo inapopenda. Patsy Cline alirekodi "Crazy" mwaka 1961, nayo ni kazi ya Willie Nelson. Lakini hata Pwani kipimo hiki hulegea pale wimbo unapoingia kwenye santuri. "Malaika" ya Fadhili William imedaiwa pia kuwa ya Adam Salim, na hata ya Grant Charo, na mizani ya umma imemwelekea aliyeirekodi.

Rekodi za Tracey zilirudishwa kwa Wakipsigis katika miaka ya 2010 na maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Lilikuwa jambo la haki. Hata hivyo, jina la Chemutoi Ketienya limo katika orodha kama mwimbaji, na wenziwe wameandikwa kwa jumla kuwa ni wasichana wa Kipsigis.