Mfereji Albert: kosa halikuwa la umeme

Maji ya kiwanda cha shaba cha Luilu, Kongo, hayakupaswa kuufikia mto Luilu, basi. Mliona picha za BBC za Aprili 2012: kijito kikishuka kutoka kiwandani kupitia Mfereji Albert, na kipimo kikisoma pH 1.9. Kwa kipimo ambacho kila namba ni mara kumi, hiyo ni asidi mara laki moja na ushee kupita maji ya kawaida. Kampuni ya Glencore ikajibu kwamba uchafu ule ulirithiwa na haukuweza kurekebishwa haraka zaidi. Lakini Katanga Mining, kampuni yenye kiwanda hicho, ilikuwa mikononi mwake tangu 2009. Kuacha mfereji wazi miaka mitatu ni uamuzi, hata kama hakuna aliyeutia sahihi.

Kinachoniudhi ni kwamba kiwanda cha Luilu, tangu 1960, ni nyumba ya elektrolizi. Watu wa pale wanaijua hesabu ya Faraday usingizini: ampea moja kwa saa moja, gramu 1.19 za shaba kwenye katodi. Wanajua pia kwamba shaba ikishuka chini ya gramu moja hivi kwa lita, umeme huanza kutoa hidrojeni, na bamba zuri hugeuka unga mweusi. Hapo hesabu ya faida inakataa. Lakini hapo ndipo chokaa inapoingia, si mto! Kwenye pH 8 shaba imeshaganda kuwa tope. Kobalti inataka 9. Manganizi, mkaidi, 10. Tope litulie bwawani, kisha anodi za chuma zinazolika zikusanye chembe zilizogoma kuzama.

Kaboni ya mimea ije mwisho. Nimegombana sana na wapenzi wake, wenye maganda ya nazi na kokwa za mawese, wanaojaribu bikari moja ya maji safi yenye shaba peke yake, tena kwenye pH 5, halafu wanatangaza ushindi. Kwenye pH 1.9 ioni za hidrojeni zimeshakalia viti vyote. Shaba inasimama mlangoni. Kaboni hiyo ni hodari kwa mabaki ya mafuta ya kutenganishia shaba, na huko sina neno.

Mtasema nawatukuza wazee wa kazi hii ya shaba. Ndiyo. Wa Shituru, Likasi, walianzisha elektrolizi mwaka 1929. Wa Rio Tinto, Uhispania, walitumbukiza vyuma chakavu kwenye maji ya mgodi karne ya 18 na shaba ikajishika yenyewe. Gécamines, waendeshaji wa zamani wa Luilu, hawakuwa malaika, bonde la Musonoi walikomwaga mabaki ni shahidi. Kampuni ya Metalkol sasa inayachota mabaki yale na kuyasafisha upya, kazi nzuri.

Mwaka 2014 mashirika ya Uswisi na Uingereza yalipima tena Mfereji Albert, yakasema shaba na kobalti bado zimezidi kiwango, kampuni ikakanusha. Ubishi huo ungepunguzwa na mita moja ya pH mdomoni mwa mfereji, vali ijifunge yenyewe chini ya 6, na namba zisomeke na wanaochota maji huko chini.