Pumzi ya Mwimba Taarab

Mshororo wa mizani 16 una mlango mmoja katikati, pale ukwapi unapoishia na utao kuanza. Mwimbaji wa taarab akivuta pumzi hapo, hakuna atakayemgundua. Akivuta mizani mbili kabla, neno linakatika, kina kinapotea, na bibi aliyekaa mbele na noti yake tayari mkononi anaanza kuangalia pembeni. Watu husifu sauti: nyororo, kali, ya kuliza. Sauti mtu huzaliwa nayo. Mimi namsifu anayejua wapi avute pumzi na vipi aishushe.

Pwani, ujuzi huo una mwalimu wa zamani, naye ni chuo cha Kurani. Mtoto anayefundishwa tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Kurani, hujua, kabla hajaelewa anachokisoma, kwamba madi, irabu ya kuvutwa, hurefushwa kwa harakati 2, 4 au 6, si kwa kadiri roho yake ipendavyo. Hujua kuna mahali pa kusimama na mahali ambapo kusimama kunaharibu maana. Na pumzi ikimwishia njiani, husimama, akarudi nyuma neno moja au mawili, ndipo akaendelea. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri ambaye nyimbo zake zilisikilizwa sana Unguja kwa santuri na redio, alilelewa katika kisomo hicho na baba yake, imamu wa kijijini. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi, naye alijifunza kusoma Kurani kwa sauti. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ulichukua dakika 3 hivi, wala hapakuwa na namna ya kukata na kuunga. Pumzi ikiteleza, wimbo mzima unaanza upya. Nikisikiliza santuri hizo, mikwaruzo yote hiyo, huwa natafuta anapovuta hewa, na mara nyingi simpati.

Mapafu hayajivutii hewa yenyewe. Yanafanyiwa kazi na kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ukisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Kiwambo kikishuka, hewa huingia, na vilivyomo tumboni husukumwa hadi tumbo likatuna. Ndiyo maana walimu husema “vuta kwa tumbo”, ingawa hewa haifiki tumboni hata siku moja. Anayeanza hupandisha mabega. Anapata hewa kiasi, shingo inakakamaa, na koo linabanwa kabla hata neno la kwanza halijatoka.

Lakini kuvuta ni kazi nyepesi. Kazi hasa ni kushusha. Mapafu yakijaa, kifua chenyewe hutaka kurudi mahali pake, na huisukuma hewa nje kwa nguvu zaidi kuliko nyuzi za sauti zinavyohitaji. Kwa hiyo mwanzoni mwa mshororo mwimbaji hasukumi, anazuia. Huziacha mbavu zikae wazi, hewa ikitoka kwa kipimo, kama nahodha anayeilegeza demani kidogo kidogo huku upepo umejaa tangani. Baadaye mambo hugeuka: hewa imepungua, na sasa misuli ya tumbo ndiyo inayopaswa kusukuma. Mwimbaji mzuri huupitisha mgeuko huo ndani ya irabu moja ndefu, fidla zikimfuata nyuma, na msikilizaji haoni tofauti yoyote.

Mazoezi yake hayana fahari. Unalala chali mkekani, kitabu juu ya tumbo, unakitazama kikipanda na kushuka. Unatoa “sss” nyembamba, iliyonyooka, mpaka iishe bila kutetemeka. Unavuma kwa midomo iliyofungwa, ukianzia chini na kupanda taratibu, ili nyuzi za sauti zipate joto kabla ya kuombwa makubwa. Watu huhimiza tangawizi na asali, nami sizikatai, ila ninachokimeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti; kinapita njia ya chakula. Maji yanayosaidia ni yale yaliyonywewa tangu asubuhi. Kikombe cha kugugumiwa nyuma ya pazia kinalowesha kinywa tu. Na sahani ya pilau ya harusini, jamani, ije baada ya wimbo: tumbo lililoshiba hukinyima kiwambo pa kushukia.

Halafu kuna woga. Jina likitajwa, moyo hudunda na pumzi hupanda juu kifuani, palepale ilipokatazwa kukaa. Dawa yake ni ile “sss” ya mkekani: pumzi ikitoka polepole, na moyo nao hupunguza mbio. Hata hivyo ukumbi una vituko vyake. Wanawake wanakuja kutunza huku wanacheza, mmoja anamtia mwimbaji noti mkononi, mwingine anambandika kipajini, naye yuko katikati ya utao na hewa iliyobaki ni ya mizani tatu. Mikrofoni nayo, iliyowaondolea waimbaji mzigo wa kupaza sauti, hunasa kila mhemo, hivyo inabidi kugeuza uso kidogo wakati wa kuvuta. Wanaopanda jukwaani kufuatisha kwa midomo wimbo uliokwisha kurekodiwa, sina ugomvi nao; fani ninayoisifu hapa haiwahusu.

Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba hadi uzeeni, na sigara hakuzificha. Pumzi yake ya miaka ya mwisho ilikuwa fupi. Nisikiavyo mimi, hakujaribu kuirefusha kwa nguvu: alikata mshororo vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na maana yake kamili. Mwimbaji kijana mwenye mapafu mazima hana haja ya kukata hivyo, ila na yeye aketi na karatasi ya wimbo siku kadhaa kabla ya onyesho, penseli mkononi, atie alama kila atakapovuta. Akikuta neno limelala juu ya mlango wa katikati, nusu huku nusu kule, amrudie mtunzi amwombe neno jingine. Watunzi wengine hununa. Wanune tu, almuradi neno libadilike kabla wapiga ala hawajalizoea.